Usingizi wa Dereva

Mume wangu alipostaafu udereva wa basi, nilijua sasa nimempata. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa na nusu mume. Aliingia nyumbani na vumbi kwenye nyusi, akaoga, akala, akawauliza watoto habari za shule, na kabla shati lake halijakauka kambani alikuwa ameshaondoka tena. Basi lake lilikwenda hadi mji wa mpakani, safari ya kutwa kucha na nusu ya siku ya pili. Watu wakiniuliza mumeo yuko wapi, nilijibu, "Yuko njiani," na sikukosea hata mara moja.

Kwa hiyo siku aliyorudisha funguo za basi ofisini, mimi nilitoa godoro letu la zamani nje nikaingiza jipya. Mimi ni fundi cherehani, basi nikashona na mapazia mazito ya chumbani ili jua la asubuhi lisimsumbue. Nikasema, mzee wa watu amekesha vya kutosha, sasa alale.

Hakulala.

Si kwamba hakujaribu. Alijinyoosha kama gogo, mikono juu ya kifua, macho yakitazama dari. "Nyumba hii ina kimya," aliniambia, "kimya kinapiga kelele." Daktari alimpa vidonge vilivyomletea maumivu ya kichwa tu. Jirani akaleta ushauri wa maziwa ya moto, mwingine wa kutembea kabla ya kulala, mwingine akasema ni uzee, na huyo hatukumkaribisha tena chai.

Mchana mmoja nilikuwa napinda marinda ya sare za shule, yeye amekaa kiti cha pembeni. Cherehani yangu ni ya umeme, ina mngurumo. Nikamwona kichwa kinashuka, kinashuka, mpaka kidevu kikagusa kifua. Nilifika mwisho wa rinda nikainua mguu. Cherehani ikanyamaza. Mume wangu akafumbua macho.

"Tumefika wapi?" akauliza.

Nilicheka mpaka nikatoka machozi, yeye naye akacheka. Tangu siku hiyo akawa ananiomba, "Mama, shona kidogo," hata siku ambazo sina kazi ya mtu. Nikawa naendesha cherehani juu ya vitambaa chakavu, fundi mzima, nashona hewa. Lakini ule ulikuwa usingizi wa kuibia. Alikonda. Kijana wetu wa kwanza, aliyekuwa amenunua gari, akaacha kumwachia baba yake ufunguo. Alisema kwa adabu, "Baba, mtu asiyelala haendeshi." Mume wangu hakubisha. Maneno hayo yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Sasa nieleze habari za Pacha. Basi la safari ndefu kama lile lilikuwa na madereva wawili. Mmoja akiwa kwenye usukani, mwingine alilala katika kijitanda kilichokuwa nyuma ya kiti cha dereva, nyuma ya pazia. Katikati ya safari walipokezana. Mume wangu na mwenzake walipangwa pamoja wakiwa vijana na hawakutenganishwa mpaka walipostaafu, ndiyo maana abiria waliwaita Mapacha. Wangu ni mfupi, mnene wa mabega. Yule mwingine ni mrefu kama nguzo ya simu, na ukimwona anavyoingia garini utadhani anakunjwa. Wenyewe waliitana Pacha. Mimi nilimwita shemeji, naye aliniita hivyohivyo. Alifiwa na mkewe zamani, akaenda kuishi kwa dada yake upande wa pili wa mji. Baada ya kustaafu walikutana misibani na harusini, basi. Walipigiana simu wakaulizana hali, wakasema "haya," wakakata.

Binti yetu alikuwa muuguzi katika mji uleule wa mpakani. Alipojifungua, mjukuu wangu wa kwanza, nilisema nikikosa gari nitakwenda kwa miguu. Kijana wetu akatoa gari lake, lakini yeye mwenyewe kazini walimnyima ruhusa.

"Ataendesha nani?" akauliza.

"Pacha," mume wangu akasema, kana kwamba swali lenyewe halikuwa na maana.

Shemeji alikuja alfajiri, amevaa tai. Zamani madereva wa mabasi makubwa walivaa tai, na ile ilikuwa yenyewe, ya bluu, imefifia ncha. Alilizunguka gari, akaligonga kila tairi kwa kisigino, akaingia, akasogeza kiti nyuma mpaka kikagoma. Mume wangu alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma.

"Mimi huku," alisema. Akaweka mto, akakunja magoti.

Hatukuwa tumetoka nje ya mji nilipousikia. Mkoromo. Si ule wa kushtukashtuka wa pembeni ya cherehani, huu ulikuwa mkoromo mpana wa mtu aliyeuchapa usingizi.

"Shemeji," nikanong'ona, "huyu amelala?"

"Huyu?" alisema, wala hakugeuka. "Huyu kwangu hulala kabla sijaingiza gia ya tatu."

Sitaficha, wivu ulinishika. Godoro jipya, mapazia, maziwa ya moto, vitambaa chakavu gunia zima. Kumbe alichokuwa anakitaka ni kukunjwa kama sanduku kwenye kiti cha nyuma, mradi Pacha ashike usukani.

Nilikuwa na chupa ya chai na mayai ya kuchemsha. Nikawa nammenyea shemeji mayai, naye akawa ananisimulia barabara. Nilikuwa nimeisikia miaka mingi kwa mdomo wa mume wangu, lakini yeye alikuwa mchoyo wa maneno, akirudi alisema, "Njia nzuri," au, "Njia mbaya," kisha akaomba maji ya kuoga. Shemeji alikuwa tofauti. Alinionyesha mlima ambao basi lao la kwanza halikuuweza, abiria wakateremka kuupanda kwa miguu huku wakiimba, na dereva akiwasubiri juu kama bwana harusi. Alinionyesha mahali mume wangu alipolisimamisha basi zima kwa ajili ya kobe.

"Abiria walinung'unika, shemeji, acha. Kuna mtu alikuwa anawahi mahakamani. Mumeo akateremka, akambeba yule kobe kama mtoto, akamvusha. Aliporudi akawaambia, 'Huyu naye anawahi.'"

Hilo sikuwa nimewahi kulisikia. Niligeuka nikamtazama yule mzee anayekoroma nyuma, mdomo wazi.

"Mlikuwa mkiongea nini, safari zote hizo?" nikauliza.

"Tuongee saa ngapi? Nikiendesha analala, akiendesha nalala. Mumeo mwenye macho wazi nilimwona wakati wa kupokezana tu." Akafikiri kidogo. "Mimi namjua kwa breki. Mtu ukiwa umelala pale nyuma unamsikia mwenzako kwa mgongo. Akiwa na hasira, basi linakata kona kwa ukali. Siku aliyozaliwa binti yenu, mumeo alipewa habari pale tulipokuwa tunapokezana, mimi nimeshajilaza, sijui lolote. Nikasikia basi linavyopita kwenye matuta kama limepakia mayai. Nikajisemea, huyu leo ana jambo."

Nikammenyea yai jingine.

Mchana barabara ilianza kupanda vilima. Pale ndipo nilipoona shemeji amenyamaza. Lori lilikuwa mbele yetu, linakwenda polepole, taa zake za breki zikawaka, nasi tukachelewa kushika breki. Tulisimama karibu nalo kiasi cha kusoma maandishi madogo kwenye kizuia matope. Nikadhani ni bahati mbaya. Baada ya kona mbili tukampita mwendesha baiskeli upande wa kushoto, na kioo chetu kilimkosa kidogo tu. Nilimwona akiyumba nyuma yetu na mkono juu.

Mkoromo ulikuwa umekatika.

"Pacha," sauti ya mume wangu ikatoka nyuma, tulivu. "Weka pembeni."

Shemeji akaweka gari pembeni, akazima injini. Panzi walikuwa wakilia kwenye nyasi.

"Jicho gani?"

Shemeji aliutazama usukani. "La kushoto," alisema hatimaye. "Lina ukungu."

"Na la kulia?"

"Linafuata."

Hasira ilinipanda. "Shemeji, umetubeba hivi? Wajua naenda kumwona mjukuu?"

"Unisamehe, shemeji." Alikuwa anainyoosha ile tai kwa vidole. "Alinipigia simu akasema kuna safari. Ningesema nini? Nilifikiri barabara hii naijua hata nikifumba macho."

"Naona ulikuwa unajaribu," mume wangu alisema.

Hakuna aliyecheka kwanza. Kisha nikasikia kiti cha nyuma kinatikisika. Mume wangu alikuwa anacheka kimyakimya, kama mtoto aliyekatazwa. "Mimi nina macho, sina usingizi," akasema. "Wewe una usingizi, huna macho. Ukituunganisha unapata dereva mmoja."

Akateremka, akajinyoosha, akaja dirishani kwangu. Uso wake ulikuwa na alama za mto, na ulikuwa umejaa, kama uso wa mtu aliyetoka kuugua akapona. "Mama, nimelala tangu wapi?"

"Tangu mjini."

"Basi nimelala vya kutosha. Niendeshe?"

Kijana wetu angesema hapana. Nilitazama huku na huku. Mbele, mbali, kulikuwa na kibao cha shule kando ya barabara. "Nisomee kile," nikamwambia.

Akasoma jina la shule, akasoma maneno ya chini yake, akamalizia na namba ya simu ya mchoraji iliyokuwa pembeni kabisa, ambayo mimi sikuiona mpaka tulipoifikia.

"Ingia," nikasema.

Ajabu ya maisha ni kwamba sikuwa nimewahi kukaa kando ya mume wangu akiendesha. Mara chache nilizopanda basi lake, nilikaa na watoto viti vya katikati, namwona kisogo. Sasa nilimwona mikono. Mimi nikikata kitambaa, mkasi hauna haraka na hausiti. Ndivyo alivyoshika usukani. Alipokaribia kona alikuwa ameshapunguza mwendo muda mrefu kabla yake, huhisi chochote, unaona tu miti inageuka. Alinyoosha mgongo. Miaka ikamtoka mabegani. Alianza hata kupiga mluzi, wimbo usio na kichwa wala miguu, na nikakumbuka kwamba alikuwa akiupiga alipokuwa anakuja kwetu kuniposa, na mama yangu alimfahamu kwa mluzi huo kabla hajafika mlangoni.

Nyuma, shemeji alikuwa ameikunja ile miguu yake mirefu kama nguzo na kulala fofofo.

Siku hizi lami imeifupisha njia, tukaingia mji wa mpakani jua likiwa bado lipo. Binti yetu alisimama getini na kichanga begani, na alipoona nani anateremka upande wa usukani, alitukazia macho ya kiuuguzi.

"Baba, umeendesha wewe?"

"Nimeendesha nusu," akajibu. "Mpe mama yako mtoto kabla hajaninyang'anya gari."

Niliposimulia yaliyotokea, binti alimgeukia shemeji, akalivuta kope lake la chini palepale uani. "Mtoto wa jicho," akasema. "Baba mdogo, hili linatolewa." Kesho yake alimpeleka hospitalini kwao, na shemeji, aliyeendesha milimani na kwenye mafuriko, aliishika mikono ya wauguzi kama anavuka mto. Tulikaa mpaka jicho la kwanza likapona na la pili likaanza kupona. Siku alipofunguliwa bendeji alimtazama mume wangu kwa muda.

"Pacha," akasema, "umezeeka."

"Wewe ulikuwa huoni. Nimezeeka zamani."

Sitasema mume wangu alipona usingizi wake. Hata leo zipo siku anazozunguka nyumba kama mlinzi. Lakini kule kwa binti walilala wote wawili sebuleni, na nilipopita asubuhi kumchukua mtoto, niliwakuta wamelala, kila mmoja na ukuta wake.

Tulipokuwa tunarudi, mume wangu alikuwa anaendesha, na shemeji, ambaye alikuwa bado hajaruhusiwa kuendesha, amekaa nyuma na miwani myeusi. Katikati ya njia akasema, "Kata kushoto hapo." Mume wangu akakata bila kuuliza. Tukaacha lami mpya, tukaingia njia ambayo nyasi zilikuwa zimeota katikati yake.

"Hii ndiyo barabara yetu," shemeji aliniambia. "Kile kipande cha lami walijenga baadaye."

Tulikwenda polepole mpaka kwenye jengo lisilo na milango. Hapo ndipo walipokuwa wakipokezana. Rangi ya mkahawa ilikuwa bado inaonekana ukutani, kijani chini, nyeupe juu, na saruji ya mahali pa kunawia mikono. Mume wangu alizima injini. Waliteremka wakatembea huku na huko wakibishana basi lilikuwa linaelekeza kichwa upande gani, mti uliokatwa ulikuwa wapi, na mama mwenye mkahawa alikuwa na binti wangapi. Mmoja alisema watatu, mwingine akaapa ni wanne, kwa kuwa wa nne ndiye aliyekataa kuolewa naye.

"Hukuwahi kuniambia ulimposa," mume wangu alisema.

"Ulikuwa umelala."

Wakakaa kwenye ngazi za jengo, bega kwa bega. Mimi nilikuwa na sare za shule nzima zinanisubiri, na wenye watoto walishaanza kunipigia simu. Nikaitazama saa, nikawatazama wale wazee wawili. Nikafungua chupa ya chai, nikawamiminia, nikavua viatu na kukaa ngazi ya chini yao, maana niliona ile habari ya binti wa nne ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.