Gauni la Buluu la Achieng

Alhamisi alasiri, siku moja kabla ya mashindano, zipu ya gauni la buluu iligoma katikati ya mgongo wa Achieng. Priscah, mama yake, akamwambia abane pumzi, akavuta tena. Haikupanda.

Walikuwa Hamriya, mtaa mmoja wa Maskati, dukani kwa Bi Kheiria, Mwomani aliyezaliwa Unguja na ambaye maisha yake yote alikuwa akishona magauni ya sherehe. Gauni lile Priscah alilichagua miezi miwili nyuma. Mashindano yalikuwa ya urembo wa asili, ya mabinti wa Wakenya na Waganda wanaoishi Maskati: bila rangi usoni, bila nywele za bandia, bila kucha za kubandika. Kwa hiyo, Priscah aliamini, kilichobaki cha kumtofautisha msichana na wenzake ni gauni. Mwaka uliopita Achieng alishika nafasi ya pili, na mwamuzi mmoja akasema gauni lilimpwaya. Neno hilo lilimkaa Priscah rohoni. Safari hii aliagiza libane.

Lakini Achieng alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa umri huo miezi miwili si michache.

Bi Kheiria akapima. Mabega yalikuwa yamepanuka, kifua pia, na kwenye mishono ya ubavuni hakukuwa na kitambaa cha kuachia. Akashauri wachague jingine. Priscah akakataa. Kufikia kesho, alisema kwa sauti ya chini, mtoto atakuwa amepungua kidogo.

Bi Kheiria akamtazama Achieng kwenye kioo. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka.

"Mwanangu, umekula nini leo?"

Achieng alimwangalia mama yake kwanza. "Maji."

"Na jana?"

"Tango."

Priscah akajitetea kwamba hakumkataza kula, alimwambia apunguze chapati tu. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba kila asubuhi, nyumbani kwao Ghubra, alimpandisha kwenye mizani kabla ya shule, na namba ikipanda hakusema kitu, aliguna tu.

"Vuta tena, Mum," Achieng akasema, ameshika ukuta kwa mikono miwili. "Itafunga."

Priscah akavuta. Zipu ikapanda taratibu, ikafika shingoni. Kwa muda mfupi gauni lilikaa vile alivyokuwa akiliota. Kisha Achieng akazirai.

Bi Kheiria alimdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu. Akajaribu zipu, ikakwama. Akanyakua mkasi mezani na kulipasua gauni kuanzia shingoni hadi kiunoni.

Mtoto alipofumbua macho walimnywesha maziwa yenye sukari, funda kwa funda, kisha Bi Kheiria akamletea kipande cha mkate wa kumimina. Priscah alikuwa amekaa chini nyuma ya Achieng. Meno ya zipu yalikuwa yamechora mstari mwekundu mgongoni kwa binti yake, na mbavu zilihesabika. Aliwezaje kumvisha nguo wiki zote hizi asizione?

"Nnakwambia, Mama Achieng," Bi Kheiria akasema, "nguo ndiyo inayokatwa imfuate mtu. Mtu hakatwi."

Priscah akasogea mbele ya Achieng. Alimwomba mwanawe msamaha, akamwambia kwamba kwenda au kutokwenda kesho ni uamuzi wake.

Achieng alimaliza mkate, akaomba kipande kingine. Ndipo akainuka, akapita polepole kwenye magauni yaliyotundikwa, akachagua la rangi ya zabibu, la mikono mirefu, lisilo na hata punje moja ya kung'aa. Priscah aliliona la kawaida mno. Ulimi ulimwasha, lakini akafungua mkoba, akalipa.

Ijumaa, kati ya wasichana tisa, Achieng alikuwa wa nne. Baba yake, Enos, akawapeleka wote kula wali na samaki. Sahani ilipobaki nusu, Achieng akaweka kijiko chini.

"Mum, naweza kumaliza?"

Enos akacheka, akidhani ni utani. Priscah hakucheka. Akamwambia ale, na asiombe tena ruhusa ya kula. Achieng akala, lakini kila baada ya vijiko viwili alimtupia mama yake jicho. Wiki nyingi zilipita kabla hajaacha.