Mikono Minane, Ubao Mmoja

Mapinga nzima hakuna anayemfikia Bi Mwanahija kwa hesabu, labda uwatoe wote waliovuka darasa la nne. Kwa hiyo kinamama walipokusanyika barazani kwake kumsomea mjukuu wake Swala ya Nariya, dua ya kuombea haja, mara elfu nne mia nne na arobaini na nne, alijipa mwenyewe kazi ya kulinda ubao. Kila aliyemaliza kumi aliinuka, akaitazama namba, akaifuta, akaandika nyingine iliyozidi kumi.

Mjukuu mwenyewe, Samia, alikuwa dirishani na kompyuta yake, macho yamemwiva. Vifaa alivyovitengeneza vinalinda majokofu ya chanjo kwenye zahanati. Jokofu likipata joto mara tatu, king'ora kinalia. Mwezi uliopita kifaa kimoja kilinyamaza, chanjo zikaharibika zote. Asipoupata ubovu kabla ya Ijumaa, vifaa vyote vinang'olewa.

"Mke mwenzangu, kula basi," Bi Mwanahija alimwambia. "Ukifa na njaa, hii Nariya tutaigeuza hitima, na ubani sijanunua."

Samia alikuwa akiutazama ubao. Esha na Tabia, majirani wa nyumba ya pili, walikuwa wameinuka pamoja. Esha alisoma mia saba thelathini, akageuka kuomba chaki. Tabia naye akasoma mia saba thelathini. Esha akaandika mia saba arobaini, akaketi. Tabia, namba yake ingali kichwani, akafuta, akaandika mia saba arobaini.

"Zimesomwa ishirini," Samia alisema taratibu, "zimeandikwa kumi."

"Kumi nyingine ziko wapi?" Bi Mwanahija aliuliza, yeye mlinzi.

"Zimefutika. Na hakuna aliyekosea, Bibi. Kila mmoja, ukimtazama peke yake, kafanya sawa."

Kisha akamweleza. Mle ndani kabisa ya mashine, kwenye kiini ambacho programu zote hukiomba ruhusa, kuna mikono minane inayoandika ubao mmoja, mara maelfu kwa maelfu kabla jicho halijapepesa. Siku elfu inapishana salama. Siku moja, mikono miwili inakutana, na joto la tatu linaandikwa la pili.

Bi Mwanahija akakitazama kile kifaa mezani, kidogo kuliko kijaluba chake cha tambuu. Alitafuta mzaha wa kusema, asiuone.

"Sasa wenye mbio hizo utawakamataje?"

"Kwa kutulia. Kuna chombo cha kuwavizia. Mkono mmoja unaambiwa: fika ubaoni, usiandike, itazame namba tu. Ikibadilika mbele ya macho yako nawe hujaigusa, yupo mwingine."

"Subhanallah," alisema Bi Mwanahija, kwa sauti ya msikitini. Wanaoishinda radi kwa mbio, wanakamatwa na aliyesimama.

Akavuta kigoda, akaketi kando ya mjukuu wake. Maandishi yalimiminika kiooni kama mvua ya masika, naye hakuambulia hata neno, lakini hakubanduka, wala hakutafuna tambuu. Karibu na alasiri mvua ile ikakatika. Samia akaweka kidole juu, kisha chini.

"Huu mkono mmoja. Na huu wa pili."

Akatia kufuli: aingiaye afunge, mwenzake angoje. Wakakipasha kifaa joto mara moja, mbili, tatu. King'ora kikalia. Bi Mwanahija akajikuta anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Adhana ikaita, kinamama wakaenda nyuma kutawadha. Ubao ulisomeka elfu tatu mia tisa na kumi. Samia aliegemeza kichwa kwenye nondo za dirisha, mikono mapajani, kama aliyesinzia. Magoti ya Bi Mwanahija yakamkumbusha kwamba bado mia tano na kitu, na haja yenyewe imeshakubaliwa. Akapita karibu na ubao, akitafuta kandambili zake.

Esha alirudi uso ukidondoka maji. "Elfu nne mia nne na arobaini na nne? Kamaliza nani?"

"Mimi," alisema Bi Mwanahija. "Nimezisoma kimoyomoyo, nyie mkipiga soga kisimani."

"Bibi," Samia alisema kutoka dirishani, macho hayajabanduka ubaoni, "mimi nilikuwa nimetulia."

Bi Mwanahija akauingiza taratibu mkono wenye chaki ndani ya kanga.