Maksai wa Pembe Moja

Mwaka ule wa tisini na nne, kila mwenye fremu Mkuyuni alikuwa anafungua kampuni. Mzee Mihayo, muuza dagaa wakavu kwa magunia, naye akachonga muhuri: Mihayo na Ndugu. Mimi nilikuwa karani wake wa kutwa. Mwanangu Kija, miezi minane, alishinda mgongoni akinichomoa kalamu sikioni, na jioni alilala juu ya dawati la darasa la jioni huko Mabatini nikisoma uhasibu.

Basi kiwanda kipya cha chakula cha kuku kikawa kinatafuta muuza dagaa wa kudumu. Malipo yangekuwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo walitaka mtu asiyekwama katikati. Bwana Salehe, mnunuzi wao, angekuja Ijumaa kuona kama mali yetu inayoweza kugeuka fedha ndani ya mwezi inazidi madeni ya mwezi huohuo. Tukipita, Mzee aliniahidi mshahara wa kila mwezi. Tusipopita, nabaki na kibarua, siku kipo, siku hakipo.

Nikaandika. Taslimu, laki mbili na elfu kumi. Dagaa ghalani, laki tatu na sitini. Tunaowadai, laki mbili na themanini. Jumla laki nane na nusu. Madeni: laki tisa. Tulipungukiwa elfu hamsini.

Mzee akacheka, akasema nimesahau ng'ombe. Alikuwa nao arobaini na wawili kwao Usagara, maana kila faida ya dagaa aliigeuza ng'ombe. Niwaandike, tunapita mara nne.

Nilishashika kalamu, nikakumbuka anachotuuliza mwalimu wetu kila jioni: kitauzika lini, na nani lazima akubali? Nikamuuliza Mzee, kwa adabu zote, kama anaweza kuuza mmoja kabla ya Ijumaa. Akasema hata kumi. Nikamwomba twende tukawaone.

Mweupe alikuja na mahari ya dada yake Mzee, hauziki mpaka kaka zao wakae kikao. Kumi na mmoja walikuwa kwa majirani, wanaowachunga na kunywa maziwa yao. Huwezi kumnyang'anya mtu kwa siku moja. Wenye madoa walikuwa wa harusi ya mdogo wake. Tukaenda hivyo, ng'ombe kwa ng'ombe, kila mmoja na wenyewe wake, mpaka nikaonyesha jike mmoja mwekundu.

"Huyu je, Mzee?"

"Huyu ananijua."

Kicheko kikanishika. Nikajaribu kukimeza, Kija akatikisika mgongoni, naye akaanza kucheka. Mzee akanuna. Halafu akahesabu mwenyewe kwa vidole wanaouzika, akarudia, akakaa chini kwenye nyasi na kucheka mpaka kofia ikamdondoka.

Pembeni alisimama maksai wa pembe moja, aliyenunuliwa mnadani mwaka uliopita kwa kubishana tu na mtu. Hakuwa na ukoo, hakuwa wa harusi ya yeyote.

"Huyo hata akipotea sitangazi," Mzee akasema.

Kesho yake mchinjaji mmoja akamchukua kwa elfu sabini. Laki tisa na elfu ishirini. Nilirudi Mkuyuni nikirukaruka kama niliyekunywa kitu, Kija akinipiga mabega kama ngoma.

Ijumaa Bwana Salehe akasoma polepole. Akasema amesikia Mzee ana ng'ombe wengi, wako wapi? Nikamfunulia ukurasa wa pili, kwenye mali ya muda mrefu: arobaini na mmoja. Akauliza kwa nini hatukuwaweka mbele, tupendeze zaidi. Kabla sijafungua kinywa, Mzee akanitangulia.

"Hao hawalipi deni la magunia, Bwana Salehe. Nilidhani wanalipa. Mama Kija akanipeleka nikawaulize."

Salehe akatabasamu. Ziada ya elfu ishirini, alisema, ni wembamba wa kutisha, lakini wiki ile alishapewa orodha tatu zilizojaa ng'ombe wa babu za watu. Tuanze na magunia kumi kwa wiki.

Mzee akaniandikia barua ya mshahara palepale, akaigonga muhuri mara mbili, kisha akanikabidhi ufunguo wa sanduku la fedha, nimfichie asizigeuze ng'ombe tena.

Jumatatu akaja kuuomba. Kuna mtamba mmoja mnadani, akasema, mzuri mno.

Nikamuuliza kama ana ukoo.