Dhahabu Iliyokataa Kutandazika

Mambo ya dhahabu niulizeni mimi. Nimeivaa tangu usichana: kipini kimoja, hadi sonara alipoking'ata akaniambia ni shaba.

Anayeijua kweli ni mjukuu wangu wa kike. Kule maabara huichemsha dhahabu ndani ya mtungi usio na hewa, mvuke wake utue juu ya utando wa madini, mwembamba hata ukiuita karatasi umeutukana. Shida ni kwamba dhahabu haiupendi utando huo. Haipati pa kushika. Chembe zake hukimbiliana na kujikusanya visiwa visiwa, kama maji kwenye sufuria yenye mafuta. Utando ukiwa wa moto ndiyo kabisa, zinatimka. Kwa hiyo hupashwa kwanza ili unyevu utoke, kisha husubiriwa upoe.

Mjukuu wangu hakusubiri. Mwalimu wake, mzee ambaye macho yamemwisha, alikuwa anastaafu siku hiyo, na utando ule ndio wa mwisho alioutengeneza alipokuwa bado anaona. Alitaka jambo moja tu: aache nyuma dhahabu iliyolala bila pengo. Binti akaharakisha ili amfurahishe.

Nilipompelekea chakula nilimkuta ameinamia hadubini.

"Bibi, nimemuulia kazi yake. Visiwa vitupu."

"Si uirudie?"

"Kwenye utando upi? Mwingine hakuna, na yeye hawezi tena."

Machozi yakamdondokea kwenye glavu. Sikuwa na mzaha wa kumpa, nami sikosi mzaha hata msibani.

Mlango ukafunguliwa. "Imelalaje, mwanangu?"

Akajifuta upesi. "Kama shuka, Mwalimu."

Mzee akatabasamu mpaka nikatazama chini. Akatoa mfukoni kipimo, kile kinacholia umeme ukipita. Dhahabu ikiwa imeungana, kitalia. Ikiwa visiwa, kimya. Akapapasa mezani, akagusisha ncha zake mbili kwenye kingo za utando.

Kimya. Mjukuu wangu akafumba macho.

Nikabana midomo. "Piiii!"

"Umesikia, Mwalimu?" binti akadakia, macho bado kayafumba. "Hakuna pengo hata moja!"

Mzee akabaki vile vile, ameinama, ncha mkononi. Tabasamu likamfifia polepole.

"Sikujua tuna mgeni," akasema. "Mwanangu, kipimo bado sijakiwasha."