Helikopta ya Viti Vinne

Shule ya kwanza ya urubani ilikuwa na mizani mlangoni, kama ile ya kupimia magunia, kwa sababu helikopta yake ilikuwa ndogo, ya viti viwili, isiyotaka mzigo. Mziwanda alivua viatu akapanda. Mshale ukaupita uzito wake, ukaenda kusimama kwenye uzito wa watu wawili.

"Mko wawili," mwalimu alisema.

"Huyo mwingine ni kaka yangu. Alifariki mwaka juzi."

"Poleni. Ila kiti kimoja changu, kingine cha mwanafunzi. Marehemu tutamweka wapi?"

Mziwanda alikuwa ameshaikalia helikopta ile asubuhi, na usukani ukamkaa kiganjani kama mpini wa jembe lake mwenyewe. Tangu utotoni yeye ndiye aliyetaka kuruka. Kaka hakutaka; ni baba tu aliyetaka aruke. Basi akageuza shingo, akanong'ona, "Kaka, shuka kidogo nipimwe."

"Baba kaniambia nisikuache," kaka akajibu kutoka mgongoni mwake. "Mimi unanijua, mdogo wangu. Hata ngazi hunitia kizunguzungu."

Baba, aliyekuwa akiwangoja kwenye benchi, akanyanyuka. "Hatuwezi kubanana hapa kama kuku tengani. Twendeni kwingine."

Shule ya pili ilikuwa na helikopta ya viti vinne, nzito, inayonguruma kama kinu cha kusaga. Mwalimu wa huko alimpangusia marehemu kiti cha mbele, kushoto.

"Wafu hatuwapi leseni," alisema, "lakini nafasi ipo."

"Dada yake huyu atamshikia usukani," baba akasema. "Hawa wanajua utu."

"Baba, anayejifunza ni mimi."

"Ndiyo, mwanangu. Unajifunza badala yake."

Neno la baba likakaa kitako, nani wa kulinyanyua? Ovaroli ilishonwa kwa kipimo cha kaka, na jina la kaka kifuani. Mziwanda akakunja mikono ya nguo, akasoma, akafaulu.

Siku ya kuruka bila mwalimu, aliinyanyua helikopta taratibu, ikatulia hewani pasipo kuyumba. Chini, baba alikuwa akiruka-ruka kama mtoto na kupunga mikono yote miwili.

"Hodari, mwanangu! Hodari!"

Alikuwa akikipungia kiti cha kushoto. Kaka, maskini, alikuwa amefumba macho. Mziwanda akauinua mkono wa kaka, akampungia baba nao.