Tangi Lililolala

Maneno yalianzia saluni. Fundi wa nywele wa mtaani kwetu, mkono mmoja umeshika kichwa changu na mwingine kitana, aliniambia kwamba kule milimani, kwenye mashamba ya zabibu, kuna chumba cha chini ambacho mtu akiingia anashikwa na usingizi mtamu, na akilala ndiyo basi tena. "Hata kelele hapigi," alisema. "Wanamkuta anatabasamu."

Nilimwambia aache kutia chumvi. Lakini lile neno liliniingia sikioni likagoma kutoka. Nikifua, lipo. Nikianika, lipo. Wiki ileile binti yangu wa mwisho alikuwa ameitwa kazi hukohuko milimani, kwenye kiwanda cha mvinyo, msimu mzima wa mavuno: kuosha mapipa na kupima utamu wa maji ya zabibu. Nyumbani tunamwita Kinanda, kwa sababu tangu utotoni anaimba puani mchana kutwa, hata akiwa anakula.

"Mama, hizo ni habari za saluni," akaniambia.

"Na wewe nani kakuzaa? Saluni au mimi?"

"Basi twende wote. Siku moja tu. Uone kwa macho yako, halafu useme ndiyo au hapana. Ukisema hapana, siendi."

Tukakata maneno hivyo.

Basi lilitushusha asubuhi njia panda, ukungu umelala juu ya mashamba kama shuka lililosahauliwa kutandikwa vizuri. Tulichapa miguu kwenye njia ya vumbi katikati ya mizabibu. Mistari yake ilinyooka kupanda mlima, mmoja baada ya mwingine, mpaka macho yakawa yanatembea yenyewe na miguu inafuata. Jua lilipotoboa, vichala viliwaka kwa ndani, vingine vyeusi, vingine rangi ya asali. Watu walikuwa wanakata na kujaza makreti bila haraka, na sauti zao zilitufikia zikiwa zimechelewa, kama vile maneno yalipumzika kidogo njiani.

Mimi huwa sitembei hivyo. Mimi nikitoka nyumbani nakumbuka jiko, nakumbuka mlango, nakumbuka dirisha la nyuma. Siku ile sikukumbuka kitu. Nilikula zabibu moja, nikala ya pili, maji yake yakanishuka mpaka kwenye kiwiko, na nikaona aibu ya kucheka peke yangu.

"Mama unacheka?" Kinanda akaniuliza.

"Nani? Nimepaliwa."

Msimamizi wa kiwanda alitupokea mlangoni. Ni mwanamke mnene, mikono imepakwa zambarau mpaka juu, na wafanyakazi wote wanamwita Mama Chachu. Alipomwona binti yangu alisema, "Huyu ndiye? Mwembamba hivi? Pipa si litamwosha yeye?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe dada, umekuja kukagua?"

"Nimekuja kuona."

"Ona. Macho hayatozwi."

Akatuzungusha. Matangi yalikuwa makubwa kuliko chumba changu cha kulala. Alitwambia tuweke sikio kwenye ubavu wa moja. Ndani kulikuwa na sauti ndogondogo, kama watoto mia wananong'ona chini ya blanketi. Hakuna moto, lakini kunachemka. "Hilo linachemka," Mama Chachu akasema. "Likinyamaza, tunasema limelala."

"Limelala," nikarudia.

"Umefaulu dada, nikuandike kazi."

Nilifurahia lile neno, sitaficha. Kila tangi tulilopita niliweka sikio nikatangaza. Hili linachemka. Lile limelala. Wafanyakazi wakawa wananiita Mkaguzi, na mimi, badala ya kununa kama kawaida yangu, nikawa naitika.

Nikamuuliza Mama Chachu wazi, kuhusu kile chumba cha chini na usingizi. Hakucheka. Alisema, "Kipo. Zabibu zikichemka zinatoa hewa. Haina harufu, haina rangi, na ni nzito, inatuama chini kama maji. Kwa hiyo chini hatushuki hovyo." Alikuwa anataka kuendelea, lakini mtu akamwita nje, makreti yameshafika. Akatuambia, "Subirini nirudi." Akaenda.

Tukasubiri. Tulikula mkate wetu na mayai ya kuchemsha kwenye benchi la ukutani, mlango mkubwa uko wazi, upepo unaleta harufu ya majani na sukari iliyoanza kuchacha. Nyuki wawili walizunguka glasi tuliyopewa ya maji ya zabibu. Sijui tulikaa muda gani. Nilimtazama mwanangu anavyosukasuka miguu, anaimba puani wimbo usio na maneno, na nikajiona naye hapo mwaka mzima, kila asubuhi na ukungu wake. Jibu la ndiyo lilikuwa limeshafika mdomoni. Bado kulitoa tu.

Mwisho wa ukumbi kulikuwa na ngazi ya mawe inayoshuka. Fundi wa mabomba alikuwa anaosha sakafu karibu yake.

"Kaka," Kinanda akamuuliza, "tangi la huko chini vipi?"

"Limelala tangu jana," akajibu bila kuinua kichwa.

Binti yangu akanitazama. Ni mtu mzima, lakini aliniangalia kama anavyoniangalia toka akiwa na miaka mitano, akingoja ruhusa. Na mimi, mama yake, mimi ninayekagua mlango mara tatu, nilisema, "Si limelala? Nenda basi kaone sehemu yako ya kazi. Usikawie."

Akashuka. Nikaendelea kusikia wimbo wake, unarudi kwenye mawe mzito na mtamu. Nilifumba macho. Nakumbuka nilifikiri kwamba huo ndio usingizi wa mchana ambao sijaulala tangu niolewe.

Kisha nikasikia mlio wa maji tu.

Mwanzo sikuelewa nimepungukiwa na nini. Halafu nikajua. Wimbo hakuna.

Nilimwita. Nilimwita tena kwa jina lake la kubatizwa, ambalo nalitumia nikiwa nimekasirika. Nikafika juu ya ngazi nikamwona: ameketi kwenye kidato cha tano, ameegemea ukuta, mikono mapajani, kama mtu anayengoja basi. Uso wake umetulia. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kushuka yenyewe ndipo mtu akanivuta gauni kwa nyuma nikakaa chini kwa kishindo.

Alikuwa Mama Chachu. "Ukishuka wewe mtakuwa wawili!"

"Mwanangu yule!"

"Ndiyo maana!"

Nilimng'ata mkono. Nasema ukweli. Yeye hakuniachia, akamkabidhi fundi wa mabomba anishike, akapiga kelele feni iwashwe na mlango wa chini ufunguliwe kwa nje. Akajifunga kamba kiunoni, akavuta pumzi mpaka mashavu yakajaa, akashuka vidato vitano bila kuinama, akamshika mwanangu kwapani, na wanaume wawili wakawavuta wote kwa kamba. Ilichukua muda wa mtu kusema salamu. Mimi nilizeeka humo humo.

Tulimlaza nje kwenye nyasi. Midomo yake ilikuwa imepauka. Mama Chachu alimpigapiga mashavu, mimi nilikuwa naita tu. Akakohoa, akatapika mkate, akafungua macho akanitazama kama mtu aliyekatiziwa ndoto.

"Mama, miguu ilikuwa mizito," akasema. "Nikasema nikae kidogo. Palikuwa pazuri. Mbona umeniamsha?"

Fundi wa mabomba alikuwa amesimama na kofia mkononi. "Nilisema limelala," alirudia. "Sikusema pamepumua."

Hapo ndipo nikafahamishwa. Wao wana maneno matatu, na mimi nilikuwa nimejifunza mawili nikajiona bingwa. Tangi linachemka. Tangi limelala, maana yake kazi ya tangi imekwisha, lakini hewa iliyotoka bado imetuama chini, na hapo ndipo inakuwa mbaya zaidi kwa sababu hakuna tena sauti ya kukuonya. La tatu ni la mahali, si la tangi: pamepumua. Feni imezunguka, milango imefunguliwa, kipimo cha hewa kimeshushwa kwa kamba na kupandishwa. Mpaka mtu aseme pamepumua, hakuna anayeshuka. Kwao ni maneno ya kila siku, mpaka wamesahau kwamba mgeni hayajui.

Daktari wa zahanati ya karibu alimpima, akatuachia saa kumi. Kwenye basi mizabibu ilipita dirishani kwa kurudi nyuma, mistari inafunguka na kujifunga, jua limekuwa la rangi ileile ya asali. Kinanda aliniegemea begani. Nilianza.

"Sasa umeona mwenyewe. Jibu langu ni ha—"

"Mama," akasema taratibu. "Nani aliniambia nenda?"

Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana liliniuma.

Vikapita vilima viwili vitatu. Kisha akasema, "Jumatatu wanakuja wasichana wapya saba. Hakuna hata mmoja anayelijua neno la tatu. Mimi nalijua."

Nilitaka kusema hapana. Tulikubaliana, na angeliheshimu, namjua. Niliutazama mkono wake ukiwa umelegea juu ya goti langu, una joto, na nikaona kwamba hapana yangu ingemlinda yeye mmoja, na ndiyo yangu ingenitesa mimi msimu mzima. Nikasema ndiyo. Nililia kidogo, akaniambia nimepaliwa.

Kwa hiyo nawaandikia kina mama wenzangu ambao watoto wao wanakwenda mavunoni mwezi huu, na kina baba pia kama wanasoma. Mama Chachu ameyapitia haya akarekebisha mawili.

Usishuke chini ya ardhi palipo na tangi au pipa, hata kama ni vidato vitatu, kabla hujaambiwa pamepumua.

Usishuke peke yako hata baada ya kuambiwa.

Usiamini pua. Hewa hiyo hainuki.

Usiamini mshumaa wa kupimia hewa, kwamba ukiwaka basi ni salama. Tumia kipimo.

Usiinamie mdomo wa tangi kuchungulia.

Usikae chini miguu ikiwa mizito. Panda juu hapo hapo.

Usimfuate aliyeanguka. Piga kelele, fungua milango, ngoja mwenye kamba.

Usitumie neno la kazi ya watu ambalo umelijua asubuhi ileile.