Vitoroli vya Vyuma vya Marehemu

Siku mume wake alipozidiwa, mjane yule alivuka ua mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka hakukiokota, akamkuta shemeji yake juu ya trekta, injini inanguruma.

"Shemeji, kaka yako hapumui vizuri. Tumpakie tumfikishe hospitali."

Shemeji mtu hakuzima hata injini. "Trekta liko kazini. Mkande maji ya moto, nikimaliza shamba hili nakuja."

Saa tisa alimaliza shamba. Kaka yake alikuwa amekata roho tangu saa saba.

Maneno yale, trekta liko kazini, mjane aliyazika kifuani yakiwa hai. Alisali kila asubuhi na kila jioni, alifunga, alitoa sadaka, na kila akipiga magoti maneno yalikuwa yamemtangulia, yamekaa yanamsubiri.

Shemeji huyo watu walimwita Gia, maana hakuweza kusema jambo bila kuzungusha mkono kama anayebadili gia. Msiba ulipokwisha, mama yao Gia na marehemu alimwita Gia na mjane sebuleni kwake, akakata shauri.

"Trekta mlinunua wewe na kaka yako, likae na aliyebaki. Lakini vile vyuma vya kufunga nyuma, jembe la diski, haro ya kuvunjia madongoa na mashine ya kupandia, mwanangu alivinunua kwa jasho lake peke yake. Hivyo ni vya mkewe."

Gia akacheka mpaka akajifuta macho. "Sawa, mama. Avichukue. Atajitwisha kichwani? Ila vimo bandani kwangu, na banda lina mwenyewe. Trekta langu halivitoi, wala mwanaume yeyote hakanyagi mle kumsaidia. Avitoe kwa mikono yake. Mvua ya kwanza ikivikuta ndani, ni vyangu."

"Na akivitoa?"

"Akivitoa nikafungua mdomo, unikane mbele ya watu."

"Nimesikia," alisema mama. Bibi huyo miwani alikuwa akiisahau kila mahali, lakini neno la mtu halikumpotea.

Mjane aliinuka. Alikwenda bandani akasimama mlangoni, akaviangalia vyuma vilivyolala chini kwenye sakafu ya saruji. Jembe peke yake lilitaka wanaume sita. Akapima kwa hatua zake: kutoka jembe hadi mlangoni, hatua kumi na nne. Sakafu imeinama kidogo kuelekea nje. Mlangoni kuna mfereji wa maji, upana wa kiganja na nusu. Kisha ua wa udongo mgumu, kisha njia, na ng'ambo ya njia karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea aliyekuwa rafiki wa marehemu.

"Nataka vitoroli vitatu," alimwambia Cheche. "Kila chuma kikae juu ya chake."

"Vya kuhifadhia?"

"Vya kuhifadhia."

Cheche akamtazama, akatazama banda ng'ambo, akamtazama tena. "Watu huweka vigurudumu vidogo. Ndani ya banda vinatosha."

"Mimi niwekee vikubwa."

"Aa," alisema Cheche, akashika chaki asiulize zaidi. Akachora chini: fremu ya chuma cha pembe, vikombe viwili vya kukalisha miguu ya jembe lisiyumbe, magurudumu mawili ya nyuma yasiyogeuka, mawili ya mbele yanayozunguka kila upande, na breki ya kukanyaga kwa mguu. "Yote manne yakizunguka, dada, jembe litakuvuta unakotaka na usikotaka. Mawili yashike njia, mawili yakutii."

Mjane alishinda karakanani akipiga msasa na kupaka rangi. Kila kiungio alikipitishia kidole. Alipoona tundu kwenye weldi alisema, "Hapa rudia," na Cheche alirudia.

Sasa, Gia alikuwa na shida yake. Kila akitaka kufunga jembe, ilibidi arudishe trekta mara saba, mara nane, mikono ya trekta ifikie matundu ya pini, na wenzake wasukume jembe kwa mitaimbo. Msimu uliopita alibanwa kidole mpaka kucha ikatoka. Basi mjane alipovuka njia akisukuma kitoroli cha kwanza kitupu, kinateleza bila hata kulia, Gia alishuka kwenye kiti.

"Nini hicho?"

"Vyombo vya mume wangu vinalala chini vinakula kutu, shemeji. Nimevitengenezea pa kukaa."

Hakusema uongo. Alikuwa mtu wa sala.

Gia akakizunguka kitoroli, akakipiga teke. "Magurudumu kama ya gari la wagonjwa! Shemeji, umeamua kunirahisishia kazi?" Akazungusha mkono hewani. "Sasa umepata akili. Mvua ikinyesha vitakuwa vyangu na miguu yake."

Akawasha trekta, akaliinua jembe mle mle bandani kwa mikono ya trekta lile lile alilokataa kumpakia kaka yake, akalishusha taratibu juu ya kitoroli. Mjane alisimama pembeni akielekeza: kushoto kidogo, shusha, shusha, basi. Wiki iliyofuata haro. Mashine ya kupandia akaipandisha jioni moja huku anapiga mluzi. Mjane akamshukuru. Alipofika kwake alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akaomba toba kwa kile kicheko. Kwa lile alilokusudia hakuomba.

Asubuhi yake mawingu yalikuwa meusi, radi inaguna kwa mbali. Wakulima zaidi ya kumi walijaa uani kwa Gia, kila mmoja anataka shamba lake lilimwe kabla maji hayajashuka. Gia alijiona mfalme: mara huyu, mara yule, mkono unabadili gia tu.

Mjane akaingia na mbao mbili kwapani, mama mkwe nyuma yake na kigoda. Bibi akaketi karibu na mlango. Mjane akalaza mbao juu ya mfereji, akaenda kwenye jembe, akafungua breki kwa kisigino, akaegemeza bega.

Jembe likatembea.

"We! We shemeji, unafanya nini?"

"Sogea. Hiki hakina macho."

Likapita mbao kwa kishindo kimoja, likavuka ua, likavuka njia. Alirudi anahema, akachukua haro. Wakulima walimpisha. Mmoja akajongea kumpokea.

"Mwanaume yeyote asimguse!" mama mkwe akafoka. "Anavitoa kwa mikono yake, ndivyo ilivyosemwa."

Mashine ya kupandia ndiyo iliyomtesa. Gurudumu la mbele liliteleza kwenye ubao likazama mfereji­ni. Tone la kwanza la mvua lilipiga bati. Gia akatabasamu, akakinga kiganja nje. Mjane akakanyaga breki, akachuchumaa, akasukuma ubao chini ya gurudumu kwa ngumi mpaka vidole vikachubuka. Kisha akaukaza mgongo, akasema jina la mumewe kimoyomoyo, akasukuma. Gurudumu likapanda. Mashine ilipotoka mlangoni, mvua yenyewe ilikuwa bado haijaanza, ni matone ya kuhesabu tu.

"Mama, hii ni haki kweli?" Gia akalia. "Mimi ndiye niliyevipandisha!"

"Umefungua mdomo, mwanangu," alisema bibi. Akainuka, akachukua kigoda chake, akampa kisogo mbele ya watu wote, akavuka njia kumfuata mkaza mwanawe.

Mvua ilipita haraka. Saa saba Gia alikuja karakanani, miguu imejaa matope, wakulima watatu nyuma yake. Trekta la mwanamke mmoja wa mtaa wa chini lilikuwa limekwisha kurudi kinyumenyume mara moja tu, pini zikaingia, na jembe likaenda nalo. Kitoroli kilibaki kitupu.

"Shemeji," Gia alisema, mikono imetulia mapajani, "watu wananisubiri. Niazime jembe, leo tu. Nakuomba."

Mjane alikuwa anapaka grisi kwenye gurudumu. Hakuinua kichwa.

"Jembe liko kazini, shemeji. Likimaliza shamba lile, njoo."

Gia alirudi nyuma hatua moja. Aliyakumbuka maneno yake. Ilionekana usoni kwamba aliyakumbuka.

Alipoondoka, mjane alinawa mikono, akapiga magoti nyuma ya karakana kwa sala ya mchana. Alipofika pale pa kuwasamehe waliomkosea alifumbua macho.

"Hapa, Mungu wangu, nitarudi," alisema, akaparuka, akaendelea mpaka mwisho.